Mahali pa Kuweka Spika ya Katikati Garini

Magari mengi yapitayo Bujumbura yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za nchi nyingine. Nchini Burundi, kama ilivyo Rwanda na Kongo, magari hupita upande wa kulia wa barabara, na kwa sababu hiyo usukani ulistahili kuwa kushoto. Lakini magari yaliyokwisha tumika yatokayo Japani, ambayo hushushwa bandarini Dar es Salaam na kuletwa kwa barabara, yana usukani kulia; na kwa kuwa ndiyo ambayo mtu wa mshahara wa kawaida aweza kuyamudu, yameenea kila mahali, kuanzia teksi za Probox hadi magari ya nyumbani. Mtu aliyezoea gari la ofisi lenye usukani kushoto, anunuapo gari lake la kwanza la Japani, hubadili kiti bila kubadili barabara. Taabu moja huiona mara moja: akitaka kulipita lori katika kilima cha Bugarama, hana budi kumwuliza aliyeketi kushoto kwake kama njia i wazi. Taabu ya pili huchelewa kuonekana, nayo ni ya masikio.

Bwana mmoja, mtumishi wa serikali na baba wa watoto watatu, aliipata taabu hiyo ya pili kwa kadiri kubwa kuliko wenzake, maana sikio lake la kushoto halisikii. Aliugua matumbwitumbwi akiwa mtoto. Homa ikapoa, sikio likabaki kama ukuta. Mkewe alilijua jambo hilo tangu uchumba, lakini katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakupata sababu ya kulikumbuka kila siku. Mume alikuwa na desturi yake ya kimya kimya ya kujipanga. Mezani alikaa mwisho wa kushoto, barazani alichagua kiti cha pembeni, na njiani alitembea upande wa kushoto wa mkewe. Katika gari la ofisi mambo yalijipanga yenyewe, kwa kuwa abiria alikaa kulia, palipo na sikio zima.

Gari jipya likayageuza yote hayo. Sikio zima likawa karibu na mlango, na mama watoto akawa anazungumza na lile lililokufa. Wiki za kwanza alidhani kimya cha mumewe ni furaha ya gari. Baadaye alidhani ni kiburi.

"Baba watoto," alimwambia siku moja walipokuwa wakirudi kutoka kwa wazazi Gitega, "tangu upate gari umekuwa mtu mkubwa. Nakusemesha tangu Muramvya huniitiki."

"Redio ndiyo inayonizuia, Mama watoto. Wewe mwenyewe ndiye uliyeiongeza."

"Na nisipoiongeza nitasikia nini, na spika ya huku imepasuka?"

Wote wawili walisema kweli. Spika ya mlango wa kushoto ilikuja na karatasi yake imechanika, na hakuna aliyejali wakati wa kununua, maana mnunuzi wa gari hutazama injini na magurudumu. Basi redio nzima ilisemea mlango wa kulia, chini ya kiwiko cha dereva. Mama, ambaye hapendi kupitwa na habari ya Kiswahili wala matangazo ya misiba, aliiongeza mpaka akasikia yeye na mtoto wa nyuma. Kwa kiasi hicho, sikio moja tu la mumewe lilikuwa limefurika redio, wala halikuwa na nafasi ya sauti nyingine yoyote.

Kichwa cha mwanadamu ni kizuizi. Sauti nzito hukizunguka, lakini sauti nyembamba, zile zinazobeba herufi kama s, f, t na k, hudhoofika sana kabla ya kufika upande wa pili. Mwenye masikio mawili hapati hasara, kwani kila upande una mlinzi wake. Mwenye sikio moja husikia kwamba anasemeshwa, asijue anaambiwa nini. Watu wengi wa namna hiyo huitikia "ndiyo" kwa kila jambo ili wasisumbue, na ndoa zao huingia katika ahadi ambazo hawakumbuki kuzitoa.

Rafiki mmoja wa ofisini ndiye aliyetoa shauri la spika ya katikati. Mama alilipokea kwa mashaka, akidhani ni anasa ya vijana wanaotaka gari litetemeke. Sivyo. Redio za magari za mwanzo, kama ile Motorola iliyoanza kuuzwa na ndugu wawili wa ukoo wa Galvin wa Chicago mwaka 1930, zilikuwa na spika moja tu, na kwa miaka mingi baadaye mahali pa kawaida pa spika hiyo palikuwa katika dashibodi. Ni stirio iliyoihamishia milangoni, ikawa mbili. Stirio yenyewe ilibuniwa na Mwingereza Alan Blumlein, aliyeomba hataza yake mwaka 1931. Lakini tarehe 27 Aprili 1933 wahandisi wa Bell nchini Marekani walipopeleka muziki wa okestra ya Philadelphia kwa waya hadi ukumbi mmoja wa Washington, hawakutumia spika mbili. Walitumia tatu: ya kushoto, ya kulia, na ya katikati kujaza pengo. Sinema kubwa nazo hufanya hivyo. Maneno ya mchezaji hutokea nyuma ya kitambaa, katikati, ili hata aliyepata kiti cha pembeni ayasikie yakitoka kinywani mwa mtu anayemwona.

Sasa, spika mbili za stirio zinamtaka msikilizaji aketi katikati yake. Gari halina mtu aketiye katikati ya viti vya mbele. Dereva yu karibu na mlango mmoja, yapata sentimita 80, na mbali na mlango wa pili, yapata sentimita 130. Sauti husafiri takriban sentimita 34 katika kila sehemu moja ya elfu ya sekunde; kwa hiyo sauti ya mbali humfikia ikiwa imechelewa kwa sehemu moja na nusu hivi. Ni kidogo mno, lakini Mjerumani Helmut Haas alionyesha katika tasnifu yake ya mwaka 1949 kwamba sikio huifuata sauti iliyotangulia, na ile inayofuata upesi nyuma yake huhesabiwa kuwa imetoka pale pale. Ndiyo maana dereva huona kwamba mtangazaji yumo mlangoni mwake, na abiria naye huona kwamba yumo mlangoni mwake yeye. Spika ya katikati haina upendeleo huo. Iko mbali sawa na viti vyote viwili, usukani uwe kulia au kushoto, na kwa magari ya Burundi sifa hiyo peke yake yatosha kuipa heshima.

Aidha haihitaji kuwa kubwa. Simu za kawaida za waya zilipitisha sauti za mitetemo 300 hadi 3,400 tu kwa sekunde, na watu walifanya biashara, wakachumbiana na kugombana humo bila kukosa neno. Spika ya upana wa sentimita 8 au 10 yafanya kazi hiyo kwa urahisi. Ngoma nzito ziachiwe milango.

Swali lililobaki ni mahali, na hapo ndipo mafundi wengi hukata kwanza na kusikiliza baadaye. Mume huyo alimpeleka gari kijana mmoja wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ujulikanao kwa Kiswahili chake na kwa gereji zake. Kijana aliitazama dashibodi, akapigapiga kwa vidole upande wa kushoto, mbele ya kiti cha abiria, akasema, "Hapa, mzee. Ni papana, pako wazi, na chini hakuna chochote. Nakata tundu kwa nusu saa."

Mama watoto alikuwa ameketi papo hapo. "Fundi, mwanangu, na hizi herufi zilizoandikwa hapa zina maana gani?"

Herufi zilikuwa SRS. Chini yake kuna mfuko wa hewa, ambao gari likigonga hupasua kifuniko hicho na kuvimba kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Kitu chochote kilichowekwa juu yake, hata sanamu ndogo ya kupamba, hurushwa kwa nguvu hiyo hiyo kuelekea uso wa aliyeketi. Spika ina sumaku na chuma. Kijana hakuwa mtu mbaya, na alikiri mara moja; alikuwa amezoea magari ya zamani yasiyo na mifuko hiyo. Lakini mtu yeyote anayetaka dashibodi yake ikatwe na azitafute kwanza herufi hizo kwa macho yake, tena azuie mkono wa fundi usiguse viungo vya nyaya vyenye rangi ya manjano, ambavyo ndivyo vya mfumo huo. Na kabla ya kufungua chochote, waya hasi wa betri utolewe, kisha watu wangoje dakika chache.

Baada ya hapo kijana alikubali shauri la mama, ambalo laonekana kuwa bora kuliko mengi yanayotolewa na wenye elimu ya redio: tundu lisikatwe mpaka spika isikilizwe kwanza kila mahali. Aliipachika katika kiboksi kidogo cha mbao, kwa sababu spika isiyo na kitu cha kutenga mbele yake na nyuma yake hujimeza yenyewe, sauti ya mbele na ya nyuma zikafutana. Akaivutia nyaya ndefu. Mtoto wa kati alikaa kiti cha nyuma akaamriwa arudie kila sentensi ya mtangazaji.

Kwanza waliiweka chini, karibu na gia, mahali ambapo wengi hupapenda kwa kuwa hapaonekani. Mtoto alirudia irabu tu. Magoti, mkoba wa mama na viti vyenyewe vilikuwa vimezimeza sauti nyembamba, nazo zile nzito zikapita. Dereva naye alisema ni kama mtu anayezungumza kutoka uvunguni.

Mtu mmoja wa gereji alishauri darini, karibu na kioo cha kutazamia nyuma. Fundi alikataa bila kujaribu, na alikuwa na haki. Bati la dari ni jembamba na hutetemeka, vichwa vitaigonga, na waya wake utashuka kwenye nguzo ya kioo, ambamo katika magari mengine hupita nyaya zisizofaa kuchezewa.

Kisha waliiweka juu ya dashibodi, katikati, ikiwatazama abiria, sentimita 15 hivi kutoka kwenye kioo cha mbele. Ilisikika vizuri zaidi, ila mtangazaji alikuwa kama asemaye ndani ya mtungi. Sababu yake si ya ajabu. Kioo ni kigumu, hurudisha sauti karibu yote. Basi kila neno lilifika mara mbili, moja kwa moja na kwa kupitia kioo, na lile la pili lilikuwa limesafiri sentimita 30 zaidi. Umbali huo hufuta sauti za mitetemo ipatayo 570 kwa sekunde, ambayo ni katikati kabisa ya sauti ya binadamu. Watu wengi hulaumu spika kwa kosa hilo, wakanunua nyingine ya bei kubwa na kuiweka pale pale.

Mara ya nne waliisukuma mpaka chini kabisa ya kioo, penye pembe, ikalazwa kutazama juu. Hapo sauti ya moja kwa moja na ile ya kioo hukaribia kuwa moja. Tofauti ya safari ikishuka kufikia sentimita 4, kasoro ile hupanda hadi mitetemo 4,300 hivi, juu ya yote ambayo simu ilihitaji. Kioo kilichokuwa adui kikageuka kuwa tarumbeta inayogawa sauti kwa viti vyote. Mtoto alirudia kila kitu, hata bei ya maharage, akaendelea kurudia baada ya kuambiwa inatosha.

Watengenezaji wa magari wenyewe, wanapoamua kuweka spika ya katikati, mara nyingi huiweka pale pale, wakaifunika kwa wavu. Katika magari kadhaa tundu lenyewe huwa limekwisha kuandaliwa chini ya kifuniko cha plastiki, ingawa gari liliuzwa bila spika. Yafaa kukiinua kwa uangalifu kabla ya kushika msumeno. Gari la bwana huyu halikuwa nalo.

Zipo tahadhari mbili za mahali hapo, na zote mbili wakazi wa Bujumbura wanazo mlangoni. Ya kwanza ni jua. Gari lililofungwa na kuachwa juani, dashibodi yake huweza kufika nyuzi 70 za Sentigredi. Koni ya karatasi hukunjamana, na utepe wa gundi huachia. Spika iwe ya koni ya plastiki na ukingo wa mpira, nayo ikazwe kwa skrubu. Ya pili ni ukungu. Anayepanda kutoka joto la ziwani hadi Bugarama, zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, hukuta kioo kimefifia kwa mvuke, na matundu ya hewa ya kukikausha yako pale pale chini ya kioo. Spika isiyazibe. Fundi alilazimika kuisogeza kiasi cha vidole vitatu kwa ajili hiyo, na hakuna aliyesikia tofauti.

Kuhusu nyaya, jambo moja lisisahaulike, maana limeunguza redio nyingi. Redio za siku hizi hazina waya wa spika ulio sawa na bodi ya gari; nyaya zote mbili za kila spika ni hai. Anayeunganisha pamoja waya wa kushoto na wa kulia ili kupata sauti ya katikati anaviua vikuza sauti vilivyomo. Njia salama ni kuchukua sauti katika matundu madogo yaliyo nyuma ya redio, yale ya kupelekea amplifaya ya nje, kuzichanganya ya kushoto na ya kulia kwa rezista mbili za kilo-omu 1 kila moja, na kuzipeleka katika amplifaya ndogo yenye fyuzi yake yenyewe ya ampea 5. Spika ya omu 4 itiwe kapasita ya mikrofaradi 200 isiyo na upande wa chanya na hasi. Hiyo huzuia sauti nzito zilizo chini ya mitetemo 200 hivi, ambazo zingeichosha bure. Kwa wapenzi wa muziki ni kweli kwamba kuchanganya pande mbili hivyo hupunguza upana wa stirio, na zipo mashine za gharama, za namna ya Dolby Pro Logic II ya mwaka 2000, zinazotenga maneno na kuyapeleka katikati bila kuharibu kilichosalia. Katika Probox inayopanda mlima kwa gia ya pili na magunia ya viazi nyuma, upana huo haukuwapo tangu mwanzo.

Kwa mume huyu kuchanganya kulikuwa lazima hata kama fedha zingekuwapo. Mwenye sikio moja, akiwekewa stirio, hupata nusu ya kazi: kinanda cha upande mmoja humpita, wakati mwingine hata mwimbaji wa pili. Alisikiliza kaseti yake ya zamani, iliyohamishiwa kwenye kadi, akagundua kuna gitaa ambalo hakulijua kwa miaka ishirini.

Spika haikulifufua sikio, na haikutarajiwa kufanya hivyo. Ambaye usikivu wake unapungua sasa aende kwa tabibu wa masikio wala asiende Buyenzi. Kilichobadilika ni kwamba redio inawafikia watu wawili kwa kiasi kimoja. Mama akiiweka mahali pa kumtosha, haimfuriki tena mumewe, na sikio lake la kulia lina nafasi ya kupokea kitu kingine. Waya wa mlango wa kulia uliondolewa na ncha zake zikafungwa kwa utepe.

Jambo la mwisho hawakuliamua gereji. Safari iliyofuata ya kwenda Gitega, mama watoto alipotaka kusema neno, alianza kwa kupunguza redio, kisha akamgusa mumewe begani. Mume aligeuza kichwa kidogo, kiasi cha kuleta sikio la kulia mbele bila kuacha kuitazama barabara. Walizungumza habari ya karo na habari ya shemeji anayetaka mkopo, mambo ambayo kumbe yalikuwa yamesemwa miezi miwili kabla na kuitikiwa "ndiyo". Kuhusu mkopo ilibidi waanze upya. Spika ya mlango wa kushoto ingali imepasuka, na hakuna aliyeulizia bei ya nyingine.